Pistoni Iliyoitikiwa Amina

Nimetengeneza injini za boti karibu maisha yangu yote ya utu uzima, na sijui kuogelea. Ziwa lenyewe nimelivuka mara chache tu, nikiwa nimeng'ang'ania mbao kwa mikono miwili na kusali kwa sauti. Kazi yangu niliifanyia mtaa wa Kawangware 46, Nairobi, ambako maji mengi uliyoweza kuyaona mahali pamoja yalikuwa ndani ya pipa letu la kujaribia injini, na hayo yalikuwa meusi. Kwa hivyo nyinyi vijana mnaokuja kwangu hapa Kianda na pistoni mmezifunga kwenye mifuko ya unga, mkiniuliza, "Mathe, hii bado iko sawa ama tutupe?", habari za mawimbi waulizeni wengine. Mimi niulizeni pistoni.

Watu hushangaa injini za boti zilifikaje Nairobi. Zilifika kwa basi. Watu wa ziwani wana ndugu zao Kibera na Kawangware, na injini ikigoma huko na fundi wa huko akishindwa, kichwa cha injini kinafungwa kwenye gunia, kinapakiwa, na ndugu anapigiwa simu akakipokee asubuhi. Sisi tulipata zile kuukuu kabisa, ambazo hata waliozitengeneza walishazisahau. Nyingine zilimzidi umri mwenye boti. Pistoni mpya za injini kama hizo hazipatikani. Ukisema pistoni imekufa, umesema injini imekufa, na boti bila injini hugeuka kuwa mahali pa kuku kutagia. Ndiyo maana neno hilo halisemwi ovyo.

Aliyenifunza ni Mzee Odhiambo. Watu walimwita Japiston, yaani mtu wa pistoni, naye alilipenda jina hilo kuliko lile la ubatizo. Alikuwa Mjaluo wa kandokando ya ziwa, mwembamba, viatu vinang'aa hata katikati ya oili. Nilianza kwa kumuuzia chai na maandazi. Kila nikimimina chai nilikuwa na la kusema: ringi ile ameiweka juu chini, waya ule umelegea. Siku moja akanipa spana, akasema, "Shika, labda utanyamaza." Sikunyamaza, lakini spana sikuirudisha.

Mimi ni Mluhya wa Budalangi, na utani wetu ulianza asubuhi na kuisha tukifunga mlango. Akiona sahani yangu ya mchana alisema, "Nafula, hiyo ugali ingekuwa piston, hakuna silinda ingeiweza." Nami nilimwambia kwamba Mjaluo akinunua spana moja, kijiji kizima huitwa kuitazama. Nilimpenda sana yule mzee. Nalisema wazi kwa sababu enzi zile sikulisema.

Sasa, pistoni. Kosa la kwanza la kila kijana ni usafi. Anafungua injini, anaona masizi, anakimbilia petroli na brashi. Tulikuwa na kijana mmoja, Wafula, binamu yangu wa mbali, ambaye alizisugua pistoni za mteja mpaka ungeweza kujitazama humo na kuchana nywele. Alimletea Mzee akitabasamu. Mzee akazigeuza, akazigeuza tena.

"Wafula, hapa kuliuliwa mtu," akasema.

"Wapi, Mzee?"

"Hapa kwa hii piston. Na wewe umefua nguo za muuaji ukazianika."

Alikuwa na maana yake. Pistoni chafu inaongea. Ukiona rangi ya kahawia imeteremka chini ya ringi, ujue moto ulikuwa unapita pembeni, ringi zimechoka. Ukiona kipande cha kichwani kimetakata peke yake huku kwingine ni masizi, maji yalikuwa yanaingia humo ndani, kwa hiyo tafuta gasketi iliyotoboka kabla hujailaumu pistoni. Ukiona vishimo vidogo vidogo ukingoni, kama mahindi yaliyoingiwa na wadudu, moto uliwaka vibaya, na hiyo usiiamini tena. Soma kwanza. Kuosha ni baadaye.

Ukishaosha, tumia kucha. Mikwaruzo ya wima ubavuni kila pistoni ya zamani inayo, msiiogope. Pitisha kucha kwa kukatisha. Ikiteleza, huo ni uzee tu, msasa laini na mafuta vitatosha. Kucha ikinasa, hiyo ni njia ya moto, na msasa hauwezi kuiziba. Na silinda nayo msikimbilie kuitupa. Mara nyingi kile mnachokiita mkwaruzo ndani ya silinda ni alumini ya pistoni iliyoyeyuka ikagandia pale. Ikiondolewa kwa asidi taratibu, unakuta chini yake chuma kizima kabisa. Mzee alifuga kucha moja ndefu ya kidole gumba kwa kazi hiyo, na mkewe alikuwa haruhusu kidole hicho kuingia kwenye sahani ya samaki.

Kisha unapima. Ringi mpya unaiweka kwenye mfereji wake, unaona kama inacheza juu na chini. Ikicheza sana, mfereji umelika, na hakuna ringi itakayokaa humo kwa heshima. Pini nayo unaitikisa ndani ya tundu lake. Nyinyi siku hizi mnapiga picha na simu, mnatuma, mnajibiwa na mtu wa nchi nyingine kabla chai haijapoa. Mimi sina ubaya na hilo. Lakini picha haina kucha.

Na kwa ajili ya Mungu, pistoni zile za zamani zenye nundu kichwani, zitazameni kabla ya kuzirudisha. Upande mkali unatazama mafuta yanapoingilia, upande wa mteremko unatazama moshi unapotokea. Wafula alizigeuza. Injini iliwaka kwenye pipa, ikanguruma vizuri tu, lakini nguvu hakuna, maji hata hayakuchafuka. Wafula alishinda asubuhi nzima akibadilisha plagi. Mzee alikuwa ameshajua tangu mwanzo, akavuta kiti akae atazame, akanywa chai yangu yote.

Mwisho kabisa kuna sikio. Hili ndilo wengi wenu hamlijui, kwa sababu mafundi wamekuwa wavivu. Pistoni inaweza kuwa na ufa ambao jicho halioni na kucha haishiki. Unaitoa ringi na pini, unaipitishia waya kwenye tundu la pini, unaining'iniza, na unaigonga kidogo kwa kipini cha bisibisi. Iliyo nzima inalia, sauti nyembamba inayokaa hewani kidogo. Yenye ufa inasema "tok", kama kibuyu. Ni hivyo tu, lakini inataka kimya, na kimya Kawangware ni kitu cha kuagiza.

Hasa sisi. Karakana yetu na kanisa jirani vilitenganishwa na ukuta mmoja wa mabati. Ukuta wetu ndio uliokuwa ukuta wao. Mwanzoni ilikuwa vita: wao walilalamikia nyundo, sisi tulilalamikia kinanda. Mwishowe Mzee na mwalimu wa kwaya wakaelewana. Sisi tungeitunza jenereta yao. Wao, wakisikia Mzee amegonga mabati kwa spana, wangenyamaza mpaka pistoni ijibu.

Kwaya ikauzoea mchezo, ikaupenda. Walikuwa wakisimama pale ng'ambo wametega masikio kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Siku moja pistoni ililia vizuri sana, na mtu wa besi akasema kwa mzaha, "Amina!" Wenzake wakaitikia. Kuanzia hapo ikawa desturi. Pistoni ikilia, kwaya nzima inasema Amina. Ikifa, kimya, halafu sauti moja ya mama inasema taratibu, "Poleni." Wateja wengine walikuja kusikiliza hilo tu. Nimeona mwanaume mzima akitokwa na machozi kwa sababu ya poleni ile.

Kisha kanisa likaamua kubadilisha mabati. Waumini wakahamia kwa muda kwenye madarasa ya shule moja huku Kianda, na ukuta wetu ukabaki bila watu nyuma yake. Tulifurahia kimya kwa siku chache, halafu kikatuchosha. Ni katika majuma hayo pistoni zilipoanza kufa.

Moja baada ya nyingine. Mzee alisoma uchafu, akapitisha kucha, akapima, kila kitu sawa. Alipoining'iniza na kuigonga, alitikisa kichwa. "Imekufa. Weka chini." Chini ya benchi pakaanza kujaa. Wateja waliondoka wameinamisha vichwa. Kwetu, wakati wa kusikiliza, mwenye neno alikuwa ni Mzee peke yake. Sisi tulirudi nyuma hatua na kushika midomo. Kutoka pale nyuma nilisikia baadhi ya pistoni hizo zikilia. Nilidhani yeye anasikia kitu ndani ya ule mlio ambacho mimi sijafika kiwango cha kukisikia. Mtu aliyekufunza unampa nafasi hiyo.

Kulikuwa na mambo mengine, lakini tuliyacheka. Nikimwambia chai iko tayari, ananijibu kwamba leo ni Jumatano. Simu yake inalia mfukoni mpaka inachoka. Tulidhani ni utani wake wa kawaida.

Ndipo akaja Mama Atieno. Wengine walituma injini zao, yeye aliisindikiza mwenyewe kutoka kisiwani, akakaa nayo kwenye basi safari nzima, na alipofika kwetu hakuiacha hata kunywa maji. Alikuwa mjane. Boti aliachiwa na mumewe, na injini pia. Boti hiyo ndiyo iliyovusha kina mama wa kisiwa chao kwenda hospitali ng'ambo, saa yoyote, kwa sababu wenye boti nyingine walikuwa wavuvi na walikuwa ziwani.

"Jaduong'," alimwambia Mzee kwa heshima, maana ndivyo Wajaluo humwita mtu mzima, "kuna msichana wa jirani yangu karibu ajifungue. Ana shida ya damu, daktari alisema asijaribu kuzalia nyumbani. Na boti iko juu ya mchanga. Niambie ukweli, hii engine itarudi?"

"Piston ndio itasema," Mzee akajibu.

Injini ilikuwa ya silinda mbili, ndogo, ya zamani sana. Tukaifungua. Pistoni ya kwanza niliisoma nikaipenda. Masizi makavu, sawasawa. Kucha ya Mzee ikateleza. Mifereji ya ringi ilikuwa mizuri kuliko nilivyotarajia. Ya pili hivyo hivyo, ila mikwaruzo kidogo upande wa moshi. Nikaziosha. Mama Atieno alifuata kwa macho kila mahali mkono wangu ulipokwenda.

Ilikuwa siku ambayo kwaya ilirudi. Mabati mapya, kinanda kimepumzika vya kutosha, walikuwa wanaimba kama watu waliotoka uhamishoni. Mzee akaitia pistoni waya, akaining'iniza. Akachukua spana, akagonga ukuta. Kinanda kikakatika. Hata mtaani, nakumbuka, palitulia kidogo.

Akaigonga.

Jamani, ililia. Ililia sauti ya juu, safi, ikakaa pale kwenye waya mpaka nikajikuta natabasamu. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, macho amefumba. Akayafumbua.

"Imekufa," akasema.

Na ng'ambo ya mabati, kwaya nzima kwa pamoja: "Amina!"

Sikujua niangalie wapi. Wafula alitazama viatu vyake. Mama Atieno alikuwa ameshika mdomo, akiangalia ukuta, kisha Mzee, kisha ukuta. Mzee alikunja uso. Amina ile aliisikia, si rahisi kuikosa. Akagonga ukuta tena, kwa hasira kidogo, akaigonga pistoni tena.

"Amina!"

Halafu sauti ya mwalimu wa kwaya ikaja juu ya mabati: "Mzee, tumerudi jirani! Hiyo imelia sol kabisa, hata nimewapatia soprano waanzie hapo!"

Mzee alisimama pale akiwa ameshika waya, pistoni inazunguka polepole. Kisha akanigeukia. Nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kwenye boti yoyote. Kumwambia mzee mbele ya mteja kwamba sikio lake limekwisha ni kumvua nguo. Kunyamaza ni kumrudisha Mama Atieno kisiwani na gunia la vyuma, na msichana yule akimsubiri.

"Nafula nyathina," akasema, yaani mwanangu, "wewe umesikia?"

"Nimesikia, Mzee. Imelia."

"Wacha kunionea huruma."

"Sikuonei. Imelia poa sana."

"Na ile ya juzi?"

"Ililia."

"Na ile ya yule mtu wa Mbita?"

"Ililia pia."

Akafikiri. "Na ile Wafula alileta?"

"Hiyo ilikuwa imekufa, Mzee. Kabisa."

Wafula akasema, "Aki hata mimi niliisikia imekufa," na Mzee akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya pipa, akijipangusa macho kwa kitambaa chenye oili, na sikuweza kujua ni machozi ya aina gani. "Kumbe mimi nimekuwa nikizika watu wakiwa hai," akasema. "Toeni hao watu chini ya benchi."

Tukazitoa zote. Mchana ule hatukufanya kazi nyingine. Mimi nilining'iniza na kugonga, kwaya ikahukumu. Nyingi zilipata Amina. Chache zilipata Poleni, na Mzee akazishangilia hizo kuliko nyingine, kwa sababu angalau hizo alikuwa amezihukumu kwa haki. Ya pili ya Mama Atieno ilipolia, yeye mwenyewe ndiye aliyesema Amina, kabla ya kwaya, kwa sauti iliyopasuka.

Tukapitisha msasa laini kwenye ile mikwaruzo, tukaweka ringi mpya tulizozipunguza kwa mkono, Mzee akazitazama nundu mara mbili kwa sababu ya Wafula. Injini ikawaka kwenye pipa ikatoa moshi ambao uliingia kanisani wote, na kwaya ikaimba ikikohoa. Mama Atieno aliondoka na basi la jioni, gunia kati ya magoti yake.

Baadaye tukapokea kikapu cha samaki wa kukaushwa na omena, sehemu yetu na sehemu ya kwaya. Pamoja nacho zikaja habari: msichana alivushwa salama, akajifungulia hospitali, mtoto wa kiume anaitwa Odhiambo. Mama Atieno alitueleza kwenye simu kwamba ni kwa sababu alizaliwa jioni, maana ndivyo jina hilo lilivyo kwa Wajaluo. Mzee hakuyakubali maelezo hayo mpaka alipostaafu. Kila mteja alionyeshwa samaki na kuambiwa kuna mtoto ziwani amepewa jina lake.

Tangu siku ile tuligawana. Kucha na macho ni yake, sikio ni langu. "Nafula anasikiliza, mimi nabisha," aliwaambia watu. Hakuona aibu, na kwa kuwa yeye hakuona, hakuna mtu mwingine aliyeona. Alifanya kazi miaka mingine mingi hivyo kabla ya kurudi kwao, na ikawa kazi yake nzuri kuliko ya mwanzo, kwa sababu sasa kila pistoni ilipita kwa watu wawili na kwaya.

Karakana bado iko. Fundi wake sasa ni Achieng, ambaye wengi wenu mnamjua, yule anayewaambia "Zii, hiyo osha baadaye" kabla hamjaweka mzigo chini. Mimi niliendelea kwenda kumsaidia, natembea kutoka Kianda mpaka 46 polepole. Wakati wa kusikiliza, wote walirudi nyuma hatua na kushika midomo, maana mwenye neno nilikuwa mimi.

Mwaka jana nilining'iniza pistoni moja ya zamani, nzuri, nimeisoma, nimeipitishia kucha. Nikagonga ukuta. Kinanda kikakatika. Nikaigonga pistoni. Ikasema "tok".

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema neno, wakati ng'ambo ya mabati waliposema Amina.

Nikaufunga mdomo. Nikamtazama Achieng, naye alikuwa anatazama viatu vyake, kama Wafula siku ile. Nikajikuta nacheka. Nikampa bisibisi, nikavuta kiti, nikamwomba chai.